Kikombe cha Chai Juu ya Mashine

Mwaka 2013 nilifunga mashine ya kusaga ubavuni mwa nyumba yangu, Kibondo, kwa sababu moja tu: nisitoke nyumbani. Ila ikiwaka, nyumba nzima ilitetemeka nami nikiwa ndani. Vikombe vilitembea kabatini. Mke wangu alidai anahisi meno yanamhama.

Jirani alinunua mashine kama yangu, kwa fundi yuleyule wa Kasulu. Yake ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mke wangu akaanza kupeleka mahindi yetu huko. Mahindi ya mwenye mashine!

"Kule naweka kikombe cha chai juu ya fremu, hakimwagiki," aliniambia. "Tena shemeji anajua kupiga stori."

Kwangu nani angepiga stori? Hata "karibu" tuliambiana kwa mikono.

Nilikaza nati mpaka nikatoka malengelenge. Mtetemo ukazidi kupanda ukutani. Basi nikakumbuka fizikia ya kidato cha tatu, nusu yake, nikakata godoro letu nikalitandika chini ya fremu. Nilipowasha, mashine iliyumba kama mlevi wa harusini, mkanda ukachomoka, wateja wakakimbia na ndoo zao. Mke wangu hakucheka wala hakugomba. Alikwenda kumwita jirani. Hapo ndipo nilipoumia.

Jamaa alikuja na vipande vya tairi la lori.

"Godoro laini mno, kaka. Zege tupu nalo gumu mno." Akapachika tairi kati ya fremu na zege, kisha akajaza mchanga mkavu ndani ya miguu ya fremu, iliyokuwa mitupu kama filimbi. "Mchanga unasuguana humo ndani, unameza mtetemo."

Maelezo yote alimpa mke wangu. Mimi nilishika tochi.

Tukawasha. Mke wangu akaweka kikombe juu ya fremu, chai ikatulia.

"Umeona, baba watoto?"

Nimeona. Kilikuwa kikombe cha wageni, na aliyekinywea ni jirani.

Mahindi yetu yakarudi kusagwa nyumbani. Kesho yake asubuhi jirani naye akarudi.

"Mwakeye, shemeji!" alimwamkia mke wangu kwa Kiha. "Nimekuja kukagua tairi."

Tairi lililobeba lori mpaka Nyakanazi, leo likaguliwe kwangu? Na mashine ilivyotulia, nikawa nasikia kila wanachochekea. Nikabeba kiti changu kutoka sebuleni, nikakiweka katikati yao, nikakaa.