Viatu vya Papa vilikuwa laini mchana, asubuhi ubao mtupu: mawese yalivyonitesa

Wakuu, salamu zenu kutoka Kadutu, Bukavu. Mimi natengeneza ngozi na kushona viatu. Kisa ni changu mwenyewe na sijatia chumvi.

Dada yangu alikuwa anaolewa. Papa, baba yetu, ndiye wa kumuingiza kanisani, na miguu yake ina shida: kiatu kigumu kinamfanya atembee kama anakanyaga makaa. Nikamwambia viatu vya mariage nitamshonea mimi, na ngozi nitaitengeneza mwenyewe.

Akanitazama juu mpaka chini. "Nilikusomesha comptabilité, ukae ofisini na vitabu vya hesabu, sasa unanuka ngozi ya ng'ombe. Haya, tutaona."

Hiyo "tutaona" iliniuma, wakuu. Mwenye mzazi wa aina hii ananielewa.

Kwa wasiojua: ngozi ikitoka kwenye maji ya magome ya miti yanayoiivisha, ukiikausha hivi hivi inakakamaa na kupasuka. Unaipaka mafuta ingali na unyevu. Maji yakitoka polepole, mafuta yanaingia mahali pake, ngozi inalainika na kuwa imara. Nikapaka mawese, si ndiyo yako kila jikoni kwetu?

Viatu vikatoka bien kabisa. Mchana Papa akavijaribu uani, akazunguka tena na tena. Kwa Papa, hiyo ni sifa. Nikalala na furaha.

Asubuhi navishika, weeh! Vigumu kama mlango. Juu vimetoa utando wa njano. Na misa ya ndoa ni asubuhi, siku zimebaki chache. Nilitaka kulia, sitanii.

Nikaingia jikoni kutafuta chai. Maman alikuwa ameegesha chupa ya mawese kando ya mbabula, jiko letu la makaa, yenye moto. Nikamuuliza kwa nini.

"Eh, huyu mutoto! Na hii baridi ya Bukavu, mafuta iko inaganda. Uko mugeni hapa?"

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kitu nimekiona tangu utoto, halafu naenda kukigandisha ndani ya viatu vya babangu!

Nusu ya ngozi ilikuwa imebaki, sijaipaka mawese, bado na unyevu. Nikatafuta mafuta ya nyonyo yanayotoka Walungu, hayo hata asubuhi ya baridi yanamiminika. Nikaisugua vizuri, nikaianika kivulini, nikashona upya.

Asubuhi ya misa, baridi ile ile, Papa akamuingiza dada kanisani bila kuchechemea. Mchana akacheza mpaka Maman akamvuta koti akae.

Nilichojifunza: jaribu ngozi yako saa ile ile itakayovaliwa, siyo saa inayokupendeza wewe. Watu wa Uvira, huko kwenu joto, mawese yanawakubalia? Na wengine mnatumia mafuta gani? Mwageni hapa chini, nasoma yote.

Ah, karibu nisahau. Kwenye sherehe tonton mmoja, mjomba wetu, aliinama, akavigusa vile viatu, akamuuliza Papa amenunua wapi, na yeye anataka.

"Hii haiko ya kuuzisha," Papa akamjibu kwa sauti, watu wote wasikie. "Mwenye aliitengeneza, nilimuzala mimi."