Nyumba ya Bibi Iliyotoka Kwenye Mstari

Siku waliyoezua nyumba ya bibi, maharage yalikuwa jikoni yakichemka, na hakuna aliyemwambia ayaipue. Wanamgambo wawili walipanda juu wakaanza kuvuta nyasi na kuzitupa chini, masizi yakawa yanaanguka ndani ya chungu. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi papo hapo kwenye kigoda, mwiko mkononi. Mwanzoni hakuinua uso. Halafu mwanga ukaingia, mwanga mwingi ambao haukuwahi kuingia katika nyumba ile, akatazama juu akaona mawingu na nyayo za watu. Akauliza kwa Kiha, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za soko: "Ni nani kasema?"

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ni yeye aliyesema. Baba hakuwepo, kwa hiyo katibu wa kijiji alimgeukia mama akamwambia, "Wewe ndiye mkuu wa kaya hii. Unasemaje?" Mama akasema, "Itolewe." Basi. Na mvua zilikuwa zimeshaanza.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, mwenzangu, maana ukianzia hapo utamchukia mama peke yake, na mimi sitaki umchukie peke yake. Wapo wengine.

Kabla ya Operesheni, miaka ile ya sabini mwanzoni, sisi tulikaa mlimani, upande wa Busunzu, kila mtu na migomba yake. Ukitoka kwetu kwenda kwa jirani ulipita kwenye kinjia kilichopinda kufuata jiwe, kikapinda tena kufuata mti, na hakuna aliyewahi kukilalamikia. Baba alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Buha. Tulimjua kwa salamu tu, zikiletwa na waliorudi. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, na bibi katika nyumba yake ya pembeni.

Shamba la bibi lilikuwa fujo tupu ukilitazama. Maharage chini ya migomba, mahindi katikati ya maharage, maboga yanatambaa popote yanapotaka, na muhogo umesimama pale ulipochomekwa. Lakini mwaka mzima chungu chake hakikukosa kitu. Uwanja wake ulikuwa na maganda, kuku, na kinu kilicholala ubavu. Asubuhi mama akimaliza kufagia kwake, na alikuwa anafagia mpaka ardhi inang'aa, alisimama akautazama uwanja wa bibi kwa uchungu.

"Mama, wageni wakija watasemaje?"

"Watasema mwakeye," bibi alijibu. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

"Nasema uwanja, mama."

"Mwanangu, mimi uwanja nikiusalimu hauniitikii."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliifuata kila siku. Mtu akipita njiani, bibi aliacha alichoshika. Alichutama, akapiga makofi yale ya salamu, mepesi, ya vidole, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa wa juzi, za mbuzi, na mpita njia naye akauliza za kwake. Ugali ukipoa, umepoa. Muhogo ukizidi siku mtoni tulikouloweka, ulitoa harufu, naye alicheka akasema utalainika zaidi. Jioni alinipa maharage yenye mawese na kunikuna mgongo. Mikono yake ilinuka moshi. Sijawahi kumwona anakimbilia kitu.

Mama hakuwa hivyo, na kulikuwa na sababu yake. Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, akaolewa huku. Lugha ni karibu moja, sura ni zile zile, lakini jirani wakigombana naye kisimani walimwambia, "Rudi kwenu ukafundishwe kuteka maji." Basi akawa anateka maji asimwage hata tone. Akaukanda udongo wa kusiriba ukuta vizuri kuliko mwanamke yeyote. Hakutaka mtu apate pa kumshika. Bibi hata siku moja hakumtajia Burundi, lakini mama hakumsikiliza bibi. Aliwasikiliza wale wa kisimani.

Ikaja Operesheni. Tukaambiwa tuteremke wote, tukae kijijini kando ya barabara, shule itajengwa, zahanati itajengwa. Tukabeba milango kichwani, na kuku. Kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi. Yetu iliachwa ikaanguka yenyewe.

Huko chini ndiko tulikokutana na mstari. Katibu alikuwa kijana, mgeni, shati limenyooshwa kwa pasi sijui kila saa ngapi. Alisema nyumba zote zitakaa katika mistari, ili mtu akisimama mwanzo wa kijiji aone mpaka mwisho. Bwana shamba naye akaja na kamba na vigingi, akanyoosha mstari wa nyumba, kisha mistari ya mahindi. Maharage katikati ya mahindi yakapigwa marufuku, eti ni ukulima wa kizamani. Mwenyekiti, mtu wa hapa hapa kwetu, aliyekula kwa bibi tangu mtoto, alitikisa kichwa kukubali kila kitu.

Sasa, mstari wetu ulipita juu ya kichuguu. Si kidogo, ni vile vichuguu vya huku kwetu ambavyo ng'ombe akisimama nyuma humwoni. Vijana walikikata wakakisawazisha juu, wakasema tayari. Kila Muha anajua kuwa hapo bado. Mchwa wako chini, na ukisimika nguzo hapo, baada ya masika mawili unalala chini ya nyumba yako. Kiwanja kile kikamwangukia bibi. Alikizunguka, akachutama, akagusa udongo. Halafu akajijengea mbele yake kidogo, hatua chache kuelekea barabarani, kwenye ardhi ngumu. Jirani walimsaidia, na hakuna aliyeshangaa.

Katibu alipokuja kukagua ndipo akashangaa.

"Bibi, nyumba yako imetoka kwenye mstari."

Bibi Kiswahili alikijua kidogo. "Imetoka kwenda wapi? Mbona usiku nalala humo?"

Watu walicheka. Hata mwanamgambo mmoja alicheka. Katibu hakucheka, na nadhani siku ile ndipo alipomwekea bibi kinyongo.

"Kuna mchwa pale, bwana katibu," bibi akamwambia. "Muulize bwana shamba."

Bwana shamba alikuwa pale. Alijua. Kazi yake ni udongo. Akatazama kamba yake akasema, "Mchwa tutawatafutia dawa."

Mama alipendwa na katibu. Nyumba yetu ilinyooka, choo kilinyooka, hata mawe ya mafiga aliyapima kwa kijiti. Mkutanoni katibu alimsimamisha akasema, "Akina mama, huyu ndiye mfano." Wanawake wa kisimani wakampigia makofi. Nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake, nikaona vidole vyake vya miguu vinajikunja kwenye vumbi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kule kumsifu. Tangu siku ile akawa hawezi kuacha. Tulisiriba ukuta uliokwisha kusiribwa. Nilitolewa shule darasa la nne, maana maji ya kusiriba yalihitaji mtu wa kuyachota. Salamu zikawa fupi. Mtu akipita mama aliitikia huku ameinama na ufagio, na mwisho watu wakaacha kumsumbua.

Ndipo tukasikia mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani kutazama kijiji cha mfano. Katibu akapita na kamba yake nyumba kwa nyumba. Zote zilikuwa sawa isipokuwa moja. Akamwambia bibi ahamie kwetu kwa muda, mgeni akishapita atajengewa nyingine nzuri. Bibi akasema yeye hana haraka ya nzuri. Mwenyekiti akaitwa amshawishi. Alikuja akasimama uwanjani kwa bibi, ule ule wenye maganda, akashindwa kumtazama usoni. Bibi akamkaribisha ugali. Akala, akanawa, akaondoka bila kusema kilichomleta.

Kesho yake ndiyo siku niliyoanza nayo.

Bibi alihamia kwetu na kigoda chake. Nyumba yetu ilikuwa imetoka kupigwa udongo mpya chini, kwa ajili ya mgeni, na haikuwa imekauka. Mvua ilizidi, na baridi ya Kibondo unaijua. Mama alimtandikia mkeka pembeni, si karibu na moto, kwa sababu karibu na moto mkeka ungeziba ile nakshi aliyoichora kwa vidole kwenye udongo mpya. Nakwambia nilivyoona. Bibi akaanza kukohoa. Kifua kikambana. Nilimsikia akimwambia mama, "Mwanangu, nisogeze motoni." Mama akasema, "Kesho, mama. Mgeni apite kwanza."

Mgeni alipita. Tulipangwa kando ya barabara, tumeshika majani, tunaimba kwenye manyunyu. Gari likaja, likapunguza mwendo, kioo kikashuka, mkono ukatoka ukatupungia, likaendelea kuelekea Kibondo. Hakushuka. Hakusimama pale mwanzo wa kijiji aone mpaka mwisho. Katibu alibaki ameshika karatasi ya hotuba, imelowa.

Mama alimsogeza bibi motoni jioni ile. Asubuhi wanaume wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali Kibondo, wakarudi naye kabla ya mchana. Hakufika. Tulimzika mlimani, kwenye migomba yake. Nyumba nzuri haikujengwa, maana hakukuwa na wa kuijengewa, na kwenye kile kichuguu hakuna mtu aliyekubali kuwekwa. Kwa hiyo mstari wao ukabaki na pengo, kama mdomo uliong'oka jino. Katibu akahamishwa, akapandishwa cheo.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Jambo lile hatukuliongea. Alifagia. Alifagia mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na hata alipolala kitandani alikuwa ananyoosha shuka chini ya vidole, ananyoosha, ananyoosha.

Na mimi nikamrithi. Utadhani mtoto aliyeona vile angechukia usafi, lakini sivyo inavyokwenda. Niliogopa. Kichwani mwangu iliingia kwamba kitu kikitoka nje kidogo, watu watakuja kukiezua. Nikaolewa, nikawa naamka kabla ya jogoo kuhakikisha kila kitu kimekaa mahali pake. Mume wangu alisema anaishi ofisini kwa mkuu wa wilaya, siku moja akaondoka kweli. Binti yangu alipokuja kunitembelea aliosha vyombo, nami nikavirudia mbele yake. Akavitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, sijui nije kufanya nini hapa." Akawa haji. Sikumfuata, kwa sababu nilikuwa nasiriba.

Sasa nimechoka. Sikwambii nimepona, nakwambia nimechoka, na labda kuchoka ndiko kulikonisaidia. Msimu huu nimepanda maharage na mahindi pamoja, pale jembe lilipoangukia. Unaweza kucheka. Binti yangu alikuja mwezi uliopita, nikaziacha sufuria alizoosha zikiwa bado na weusi, tukakaa uani tukamenya muhogo mpaka jua likazama. Nyumba ilikuwa chafu. Nilikuwa naiona. Nilikaa tu. Nikawaza ni siku ngapi za namna hii nilizozifagia zikatoka nje na takataka.

Nisingeandika, kwa kweli, ningekaa na uchovu wangu. Lakini nilikwenda msibani Kasulu, na pale kwenye viti vya mbele nikamwona katibu. Mzee sasa, kofia safi, watu wanamwamkia shikamoo. Alipoambiwa natoka kijiji gani, uso wake ukachangamka.

"Aa, kijiji changu kile. Kilikuwa kinapendeza, mama, wee acha. Siku hizi watu wanajenga ovyo."

Nikarudi kukaa na wanawake wenzangu, kwa kuwa ulikuwa msiba wa watu. Usiku sikulala. Yule mzee hamkumbuki bibi. Anakumbuka kuwa kilipendeza.

Bwana shamba alikwisha kufa, na alijua kuhusu mchwa akanyamaza. Mwenyekiti alikufa na ugali wa bibi tumboni. Mama nitakutana naye mimi mwenyewe, na ninayo maneno ya kumwambia. Umebaki wewe, bwana katibu, na bado una akili zako. Watu wananiambia tusamehe, ilikuwa siasa, kila mtu alitumwa. Sawa. Basi mtaje aliyekutuma ukaezue nyumba ya mwanamke mzee kwenye mvua, umtaje kwa jina lake na cheo chake. Na kama hakuna aliyekutuma, kama ni jicho lako tu lilichukia kuona nyumba imesogea, liseme hilo nalo, kwa mdomo wako, mbele ya watoto wako na wangu. Kwangu unapajua, nimekwishakutumia mtu. Kwa nini huji?