Mtaalamu wa Mawe na Mgonjwa wa Plastiki

Kaka yangu ana shahada ya miamba. Alisoma mawe miaka minne, akafuzu vizuri, nasi tukamwita Mawe. Kisha akaishia dukani kuuza vigae, akiwaeleza historia ya udongo watu waliotaka tu kitu cha kutandaza chooni, mpaka wakahamia duka la pili.

Bibi alipovunjika nyonga, Mawe ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Siku moja akatangaza kuwa anataka kuwa nesi. Baba alicheka hadi akapaliwa, na Mawe ndiye aliyempiga mgongoni.

Chuo cha uuguzi kina kozi ya watu wenye shahada nyingine, ila kuingia ni kwa mtihani wa vitendo: unamgeuza mgonjwa wa plastiki na kumbadilishia shuka akiwa kitandani. Unaruhusiwa kujaribu mara mbili tu. Mara ya kwanza Mawe alimvuta kwa nguvu za mvunja kokoto, kichwa kikabaki mkononi. Akakirudisha haraka, kikatazama nyuma. Mwalimu aliandika kwenye fomu: "Mgonjwa hakupona."

Alirudi nyumbani amenywea. Nilimwonea huruma, ingawa mkono wangu wa kushoto, aliokuwa akiutumia kujifunzia kupima presha, ulifurahi kidogo.

"Kosa lako unageuza watu kama magogo," Bibi akamwambia. "Lete shuka. Kuanzia leo mwalimu ni mimi."

Walifanya mazoezi miezi mitatu. Bibi alikuwa na sheria moja: asipoamkiwa na kuombwa ruhusa, anakaza mwili, anafumba macho na kujifanya maiti. Siku moja Mawe alileta kifaa chake cha kupimia mteremko wa miamba, akamwekea begani.

"Nyuzi thelathini, Bibi!"

"Nyuzi zako kashonee suruali. Hujaniamkia."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa niambie unataka kunifanya nini."

Siku ya mtihani nilimbebea sare iliyopigwa pasi, kisha nikabaki nje nikichungulia dirishani. Umbea wangu ni wa kuzaliwa, siuombei radhi. Wenzake walikuwa vijana wa mbio. Kila mmoja alimrukia mgonjwa, shuka zikapepea, kazi ikaisha kabla ya dakika kumi walizopewa.

Zamu ya Mawe ikafika. Akanawa mikono, akasogea kitandani, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye wala hakusikia, alikuwa anasubiri kuitikiwa. Mazoezi ya Bibi yalikuwa yamemwingia hadi kwenye mifupa: bila marahaba, mikono haisogei. Dakika ikapita. Ya pili ikapita. "Bibi, shikamoo!" akarudia kwa sauti ya juu, nadhani akihisi mgonjwa ana uziwi. Nilitaka kulia. Kaka yangu, msomi mzima, alikuwa anapoteza nafasi yake ya mwisho kwa kumngoja mdoli.

Mwalimu, mama mnene mwenye miwani, akaweka kalamu chini. Akaenda kusimama nyuma ya mto, akaitikia kwa sauti ya kizee.

"Marahaba, mwanangu. Unataka kunifanya nini?"

"Nataka kukulaza ubavu wa kushoto, Bibi, nikubadilishie shuka. Ukiumia niambie."

"Haya. Ila taratibu, hiki kichwa bado hakijashika vizuri."

Mawe alimgeuza kwa upole mpaka nikasahau kupumua, akamaliza ikiwa imebaki nusu dakika. Waliocheka walikatwa alama, maana mstari wa kwanza wa fomu ulisema: msalimie mgonjwa, mwombe ruhusa. Hakuna hata mmoja wao aliyeufuata. Jina la kaka yangu likasomwa la kwanza.

Nyumbani alipita mbio hadi chumbani kwa Bibi. "Nimepita! Nimepita!" Akanyoosha mikono amkumbatie.

Bibi alikuwa amekaza mwili, amefumba macho. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, lakini macho hakufumbua.

Mawe akasimama. Akashusha pumzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, nesi wangu."