Simu Iliyofukizwa Udi

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nakosea, ulikuwa ishirini na mbili, mwaka wa sensa, maana karani alinikuta Horohoro akaniuliza nyumba yangu ni ipi. Nikamwonyesha kapu langu la ndimu. Akacheka, akanihesabu hivyo hivyo. Kutoka hapo ndipo nikateremka Tanga, nikafika Makorora kwa Mboni.

Mboni binti Hatibu ni fundi simu. Baba yake alikuwa fundi redio, na yeye alikulia chini ya meza ile ile, akiokota skrubu zilizodondoka. Mzee alipofariki watu walimwambia aolewe apumzike. Akaolewa, ila kupumzika hakupumzika. Aliipangusa meza ya baba, akaanza na simu. Ana tabia ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: kabla hajaifungua simu, huinusa. Ya mvuvi ina chumvi, ya muuza maandazi ina mafuta, naye hapo hujua pa kuanzia.

Basi nimekaa kwenye benchi lake, akaja Tausi, mpishi wa udi wa mtaa ule, simu kaifunika kwa kanga kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo babu. Mboni shoga yangu, niokoe. Imetumbukia kwenye ndoo."

Mboni akainusa. Akainusa tena.

"Tausi! Simu hii inaolewa lini?"

"Kwa nini?"

"Inanukia udi!"

Tausi akaona haya. "Nimeifukiza juu ya chetezo ikauke. Nguo si tunazifukiza?"

"Nguo ina umeme, mwenzangu? Moshi wa udi una mafuta na sukari, vyote vimeganda humu ndani. Kisha ukaichaji?"

"Nikaichaji."

"Mashallah. Hukubakisha kosa."

Nilicheka mimi, Tausi hakucheka. Akasema sauti ya mama yake imo mle. Mama huyo, Bi Samiha, ndiye aliyemfundisha udi, ila udi wa arusi alikuwa akiupika peke yake, mlango kaufunga. Siku moja akakubali kuusema, Tausi akarekodi. Baada ya hapo usahaulifu ukamshika bibi wa watu, sasa hata binti yake hamtambui. Na Ijumaa mjukuu wake anaolewa.

"Vitu vyake navijua," Tausi akasema. "Kipi kinatangulia, ndicho nisichokijua. Sukari ikikosea zamu, udi wote unanuka moshi."

Mboni akafungua simu. Akagusisha mita kwenye betri.

"Betri imekufa?" nikauliza.

"Betri imeshiba, babu. Simu ndiyo ina njaa."

Sikumwelewa. Akanionyesha kidude cheusi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Mafundi wanakiita pawa aisi. "Huyu ndiye mgawaji wa pilau," akasema. "Betri ni sufuria, chakula kimoja kwa wote. Lakini kioo kinataka kingi, kamera kidogo, ubongo unataka tonge tu, ukiuzidishia unaungua. Mgawaji anajua sahani ya kila mmoja. Na zamu anazijua: ubongo kwanza, kumbukumbu, kioo baadaye. Hata chaji ikiingia ni yeye anayesema basi, tumeshiba. Akilala yeye, pilau inachacha na wageni wana njaa."

"Mwamshe basi!"

"Huyu haamki. Nitamtoa, niweke wa simu nyingine ya aina hii. Ila jirani yake huyu hapa ndiye kumbukumbu, na sauti ya Bi Samiha imo kwake. Nikizidisha moto, nimemchoma na yeye."

Akasugua ule utando wa udi kwa spiriti. Akawasha bomba la hewa ya moto. Tausi akageuka upande wa barabara, midomo inamcheza kwa dua. Mgawaji wa zamani akang'oka, mpya akakaa. Mboni akapuliza, akabonyeza.

Simu ikatulia kwanza. Kisha ikatetemeka, kikaja kimwanga, na kioo mwisho kabisa, kwa zamu kama alivyosema. Tausi akatafuta, akabonyeza, na sauti ya bibi ikatoka: "Sukari usiitangulize, mwanangu. Sandali kwanza, ijue moto..."

Tulikwenda na Tausi nyumbani kwake, mimi nikibeba ndimu, Mboni akitaka kuhakikisha chaji. Bi Samiha alikuwa kitandani. Tausi akamsikilizisha.

"Huyu mama ni nani?" akauliza Bi Samiha. "Anaujua udi."

Lakini sauti ilipofika penye sukari, mkono wake juu ya shuka ulianza kuzunguka, taratibu, kama ulioshika mwiko. Ilipofika penye marashi, ukasimama pale pale panapotakiwa kuacha kukoroga.

Ijumaa bibi arusi alifukizwa, na mtaa mzima ulinukia. Nami tangu siku ile, kila nikipita Makorora, namuuliza Mboni jambo moja, huku naye akikipuliza chuma chake cha kulehemu: mwanangu Mboni, na kwa Bi Samiha je, sufuria ni tupu, au ni mgawaji tu aliyelala?