Mama Mkwe wa Baba

Utotoni mwangu, kule Njoro, nilimwonea wivu dada yangu Wanjiru kwa sababu ya jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili la mama wa mama. Kwa hiyo Wanjiru alikuwa mama mzazi wa Baba. Alimparamia mgongoni, akamnyang'anya nyama sahanini, na Baba akacheka tu. Mimi nilikuwa mama mkwe wake. Alinisalimia kwa mkono na kunipisha mlangoni.

"Mama mkwe, umeamka salama?"

Wageni walivunjika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nani humpakata mkwewe?

Siku moja wakati wa mavuno Baba alianguka kutoka juu ya trela la magunia ya ngano, akatua kwa kichwa. Alilazwa hospitalini Nakuru, amefumba macho, hamjui mtu. Cucu, mama yake, alisema aliyegongwa kichwa roho yake hupotea njia, na wa kuirudisha ni mama yake peke yake, akimwita kwa jina.

"Magoti yangu haiwezi fika Nakuru," alimwambia Mama. "Peleka jina yangu."

Jina likavishwa sweta jipya, likapelekwa. Nililia hadi nikachukuliwa pia.

Kando ya kitanda, Wanjiru aliinama akaita jinsi alivyofundishwa, jinsi ambavyo mtoto hathubutu kumwita babake: "Karanja! Karanja, rudi nyumbani."

Baba akafumbua macho. "Niko, mama."

Wodi nzima ilimsifu Mungu. Nilifurahi kwamba yu hai, na nikachukia kwamba hakuitwa na mimi. Nilikuwa nimemwita kimoyomoyo njia nzima.

Siku ya kuondoka, daktari alituonya. "Msishangae akiwa na hasira. Nje amepona, lakini ubongo bado. Mumpe kimya, apumzike, na pombe asiguse. Akianza kutapika, ama alale mshindwe kumwamsha, mumlete mbio."

Hasira ilikuja kweli. Mlio wa sufuria ulimpasua kichwa, mwanga wa dirisha ulimchoma. Wanjiru alipoimba, Baba alimrushia kikombe. "Nyamaza! Unataka kuniua?"

"Huyo si baba yenu, ni hiyo kichwa," Mama alitubembeleza, naye pia analia.

Lakini nilipoingia mimi na dawa, Baba alijikaza, akaketi wima, akashusha sauti. "Asante, mama mkwe." Adabu ya ukwe ilikuwa imezama ndani zaidi ya pale alipoumia. Basi Mama akanikabidhi kila kitu: vidonge, uji, pazia, kumkumbusha leo ni siku gani. Nilijifunza kuona maumivu yakija kabla hajasema, kwa namna alivyokunja jicho la kushoto. Yakija, nilifukuza kuku na watoto wa jirani.

"Wewe ndio wake sasa," Wanjiru aliniambia jikoni, macho mekundu. "Wewe hata hakupigii kelele."

Nilipaswa kushangilia. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, Baba awe wangu peke yangu, chumbani, mlango umefungwa. Lakini alinishukuru kila mara, na kila asante ilinirudisha mlangoni.

Baba alipona, ingawa hadi leo husahau majina, na mvua juu ya mabati humchosha. Cucu alikufa akiamini ni jina lake lililomrudisha, na sina ubishi. Ninachojua ni kwamba hasira ile ilitoka kwenye jeraha, lakini ilijua pa kwenda. Mtu humfokea mama yake kwa kuwa hana shaka atabaki.

Jumapili iliyopita Baba alimfokea Wanjiru kwa sababu ya chai isiyo na sukari. Wanjiru, mama wa watoto watatu, akamfokea pia, kisha wakacheka hadi wakakohoa. Baba akageuka, akanitengenezea kiti, akaniuliza kwa upole kama kazini ni kwema. Nikajibu ni kwema, na moyoni nikatamani anifokee.