Maji ya Mgeni

Hasira zangu ziko karibu, hata watoto wangu wanajua. Wakati huo zilikuwa mdomoni kabisa kwa sababu ya jirani yetu wa mlimani, hapa nyuma ya Keroka. Huyo hupasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, na risasi ni sumu. Yadi yake iko juu, chemchemi yetu iko chini. Mke wa mwanangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii sasa ilikuwa imefika miezi sita, naye alikunywa maji ya chemchemi hiyo kama sisi sote. Nilipanda nikamwambia jirani ahamishe kazi yake. Akacheka. "Ushahidi uko wapi, mama? Leta karatasi."

Haya. Tukasikia kwenye kikundi chetu cha akina mama kwamba mjini Kisii kuna maabara isiyo na mwenyewe mmoja. Mashine ya kupima risasi ni ghali mno kwa chuo kimoja au hospitali moja, kwa hiyo wanaitumia kwa pamoja: watafiti, watu wa afya, na hata akina mama wa mashambani kama sisi. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinipa chupa safi akanieleza niziingize kwenye chemchemi yenyewe zijae.

Siku iliyopangwa ikaangukia Ijumaa. Nilikuwa na majani chai ya kuchuma na kufikisha kituoni kabla jua halijazama na Sabato yetu kuingia, basi nikamwachia mama mkwe wangu zile chupa pamoja na maelezo yote. Jioni nilizikuta zimejaa, zimefungwa kwa kitambaa utadhani ni zawadi ya harusi.

Jumatatu nilizipeleka mjini nikijua nitawekwa nyuma ya wasomi. Wapi! Zilipangwa kwenye foleni kwa jinsi nilivyofika. Daktari mmoja aliyekuja nyuma yangu aliuliza kama anaweza kupitishwa kwanza, msimamizi akamwambia kwa upole asubiri zamu yake. Nilimpenda yule mama papo hapo.

Siku chache baadaye akanipigia simu. "Mama, nikuulize bila kukukosea heshima. Haya maji mliyateka wapi?"

"Chemchemini!"

"Haya hayajagusa udongo. Hayana chumvi za ardhini, halafu yana madini ya mabati. Haya ni maji ya mvua, ya paa."

Nikawaka. "Kwa hiyo sisi ni waongo?"

Hata sauti hakupandisha. "Risasi haimo humu. Nikikuandikia hivyo, jirani yako ataitundika ile karatasi ukutani. Ndiyo maana nimeuliza kwanza."

Nilimwendea mama mkwe jikoni kwake. Wala hakuficha. "Mvua ilikuwa imenyesha, chemchemi yote tope. Nimpelekee omogeni, mgeni wa watu, maji ya tope? Atasema ametoka kwa watu gani?" Alikuwa ameteka kwenye tangi la paa, yale tunayowawekea wageni, tena akayachuja. Jamani! Nilitaka kugomba, kicheko kikanitoka. Sasa mtu kama huyo utamgombeza nini?

Yule mama wa maabara angeweza kuzimwaga chupa zetu na kuendelea na kazi za wasomi wake. Badala yake alikuja mwenyewe Jumapili, siku yake ya kupumzika. Alimsalimu mama mkwe kwanza, akaketi, akaomba kikombe cha yale maji ya tangi, akayanywa yote.

"Umenipa maji mazuri, mama," akasema. "Sasa naomba yale mabaya."

Mama mkwe akashika fimbo yake akamwongoza mteremkoni. Sijawahi kuona mtu mwenye elimu akimrekebisha mzee bila kumwacha na aibu hata chembe. Mpaka leo namstahi kwa hilo.

Majibu ya safari hii yalikuwa na risasi, tena nyingi. Mke wa mwanangu akapelekwa kliniki, damu yake ikapimwa kwenye maabara ileile. Risasi ilikuwamo. Nisikuweke roho juu, mjukuu wangu leo anatambaa na kuvuta mikia ya paka. Lakini wakati ule hatukujua lolote. Tulibadilisha maji, tukangoja, na yule binti akawa anashika tumbo kila mtoto alipotulia.

Barazani kwa chifu, mama wa maabara aliyasoma majibu kwa Kiswahili chepesi, kisha mzee mmoja akayarudia kwa Ekegusii. Jirani alikuwa amekuja kifua mbele. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno, tena makali, ya kumtoa jasho mbele ya watu. Alipoinuka nikajua anataka ubishi.

"Watoto wangu hucheza pale yadini kila siku," akasema. "Na wao wanaweza kupimwa?"

Yule mama wa maabara akamwambia awalete kesho asubuhi kliniki, damu itachukuliwa huko. Jirani hakujua hata kliniki yenyewe iko mtaa gani, akauliza.

Nikafungua mdomo. Lakini mke wa mwanangu alikuwa ameshainuka, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele.

"Kesho narudi huko kupimwa tena," akamwambia. "Waamshe mapema. Nitawapitia, twende pamoja."