Fundi Kipriani na Kompyuta Isiyotulia

Kiangazi cha mwaka 1996, watu wa Kasulu walikuwa wameacha kumwambia "safari njema" mtu anayekwenda Kibondo. Walisema tu, "Mungu akutangulie." Majambazi walijificha katika pori la katikati, na Evaristi, mjumbe wa hospitali ya misheni, alikuwa amepigwa risasi huko akipeleka maombi ya dawa.

Ndiyo maana marehemu Kipriani, fundi redio wa hospitali ile, alijitosa katika kazi ya kompyuta. Mgeni mmoja alikuwa ameacha kompyuta mbili kuukuu, moja Kasulu na nyingine Kibondo, pamoja na kasha la disketi za mfumo uitwao Linux. Mfumo ukikaa sawa, kompyuta hizo zingepelekeana barua kwa mawimbi ya redio, na hakuna mtu ambaye angetumwa tena njiani. Nyumbani, Kipriani aliliweka jambo hilo katika sala ya jioni, baada ya wagonjwa na kabla ya marehemu.

Lakini kompyuta ilikataa. Disketi zilisomwa zote, maandishi meupe yakateremka kwenye kioo. Ila kila alipoiamuru ijenge upya kiini cha mfumo ili kiitambue redio, ilihangaika kwa muda, ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Kazi yote ikarudi mwanzo. Alibadilisha nyaya. Alisubiri hata mashine ya kusaga ya Haidari, iliyotumia jenereta hilohilo, isimame. Bado.

"Hiyo imekataa ubatizo," Haidari alimtania kutoka mlangoni. "Nipe mimi isage mahindi."

Vestina, mkewe, hakuipenda mashine ile. Kioo kilipoingia giza ghafla, aliona kama mtu asiyeonekana amepuliza taa. Hata hivyo alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye msalaba, kama alivyofunika redio na makochi ya nyumbani, maana vumbi la Kasulu halina huruma. Adhuhuri moja alipoleta chakula, alikiinua akikung'ute, akaondoa mkono haraka.

"Baba Esteri, hii ina homa!"

Kipriani aligusa mgongo wa kompyuta. Kitambaa kilikuwa kimeziba feni. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Esteri, umemvika blanketi mgonjwa wa malaria!"

"Mimi nilikuwa naitunza. Wewe fundi ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa natazama msalaba."

Bila kitambaa, mashine ilifanya kazi mchana kutwa, na kiini kipya kikakubali. Kipriani akamwita Pasikali, karani wa Kibondo, kwa redio ya sauti.

"Fundi, hii ya kwetu ndiyo mbaya zaidi," Pasikali alijibu. "Ukiiwasha tu, inaandika mistari michache, inajiwasha upya."

"Mmeifunika?"

"Iko uchi kama ilivyozaliwa."

Safari hii Kipriani hakucheka. Alimgeukia mkewe. "Inakufa kabla haijapata joto. Hapo ni vipande vya kumbukumbu vya ndani ya mashine, kimojawapo ni kibovu. Ni kuchomoa kimoja kimoja na kujaribu."

"Mwambie Pasikali achomoe."

"Pasikali hajawahi kufungua hata tochi. Akivunja pale vinapochomekwa, tumekwisha."

"Mana yanje, Mungu wangu! Baba Esteri, si ulisema hakuna mtu atakayetumwa tena?"

"Baada yangu mimi, hakuna."

Aliondoka asubuhi na gari la hospitali, moshi wa mapori yaliyochomwa ukiwa umetanda barabarani. Vestina alikwenda kukaa mbele ya kompyuta, rozari mkononi. Siku ile haikuleta kitu. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, maandishi yakatokea kwenye kioo, barua ya kwanza kabisa kutoka Kibondo: IMEKUBALI. NAANZA SAFARI SASA HIVI. KIPRIANI.

Alipiga magoti, akashukuru. Kisha akaenda kumchemshia maharage.

Jua lilipoinama, gari lilikuwa bado halijaonekana. Barua ya pili ikaingia. Ilikuwa ya Pasikali, akiuliza kama fundi amekwisha kufika.